Sauti Iliyokataa Kupanda

Kabla sijafika kwenye habari ya waya, acheni nianze na kuku.

Baba yangu mdogo alikuwa na kuku wengi wa kuuza kuliko kuku aliowafuga. Mimi nilikuwa kijana, ndevu ndio zinachungulia, na hakuna aliyeniuliza maoni. Siku moja alinibebesha matenga mawili tukashuka kutoka kwetu Kocholia, huku karibu na mpaka wa Malaba, mpaka Rukala, kule chini Budalang'i, kwa sababu alisema watu wa huko hawajui sura za kuku wa huku. Nilidhani ni mzaha. Baadaye nilielewa ilikuwa biashara.

Tulifika tukakuta soko halipo. Mto Nzoia ulikuwa umevunja tuta na kuketi mahali pa soko. Maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa, mapana, na juu yake yanaelea mali ya watu: kinu, mlango, mguu wa kitanda, maboga. Watu walikuwa wamejazana juu ya kipande cha tuta kilichobaki, nasi tukapanda hapo na kuku wetu. Ng'ambo kulikuwa na kipande kingine cha tuta na watu wengine. Upepo ulikuwa unatoka kwao kuja kwetu.

Sasa sikilizeni. Sauti zao tulizisikia kana kwamba tumekaa nao meza moja. Tulisikia mtoto akikohoa. Tulisikia mtu akimlaumu mwenzake juu ya kamba. Na kulikuwa na mwanamke amesimama mbele kabisa, maji yanamlamba miguu, anaita: "Mama yuko huko? Niambieni, mama yuko huko?"

Mama yake alikuwa huku kwetu, bibi kikongwe amekaa juu ya gunia karibu na matenga yangu. Tukajibu wote kwa pamoja, "Yuko! Mzima!" Mwanamke akatega sikio, akangoja, kisha akauliza tena vilevile. "Mama yuko huko?" Tukapiga kelele mpaka kuku wakashtuka. Kila tulipotupa neno, upepo ulilikamata shingoni ukaturudishia wenyewe. Yake yanakuja, yetu hayaendi. Nilimwona anaanza kulia, na jibu lake lilikuwa vinywani mwetu, tumeshindwa kulifikisha.

Baba yangu mdogo hakuomba ruhusa. Aliinama, akamnyanyua yule bibi, akamkalisha mabegani kama mtoto anayepelekwa kuona harusi. Bibi akawa anampiga kichwani kwa bakora: "Nishushe! Nishushe, wewe mwizi!" Hakujua alivyopatia. Ng'ambo, yule mwanamke alipomwona mamake juu ya vichwa vya watu, aliketi palepale matopeni na hakuuliza tena.

Jambo hilo nimetembea nalo maisha yote bila kujua nilitumie wapi. Mimi shule niliachia darasa la tatu, mwalimu aliponiambia nikachunge, na ng'ombe hawataki hadithi. Lakini limepata kazi sasa, uzeeni, kwa sababu ya mjukuu.

Mwanangu wa mwisho anaishi Kanada. Alioa msichana wa kwetu, wakaenda, wakapata mtoto wa kiume. Sasa kwetu Wateso mtoto hapewi jina, anaulizwa. Bibi yake mzaa baba anachovya kidole kwenye ajono, ile pombe yetu ya wimbi, anamgusa mtoto midomoni, na huku anayataja majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine, bila haraka. Mtoto akinyamaza, hilo amekataa, hata kama lilikuwa la mkubwa gani. Akinyonya kidole, basi ndiye. Mimi niliulizwa hivyo, na watoto wangu wote waliulizwa hivyo, na mke wangu ndiye anayeuliza siku hizi kwa sababu mama yangu amelala nyuma ya ghala.

Hospitali ya huko Kanada ilishamwandika mtoto jina la karatasi. Lakini mke wangu alikuwa anamwita "mgeni" tu. "Mgeni amelala? Mgeni amekula?" Na alikuwa na haraka, kwa sababu mkamwana alisema fizi za mtoto zimeanza kuvimba. Mtoto akishaota meno haulizwi tena. Hatanyonya kidole, atakiuma, na nani ataweza kusema kuumwa ni ndiyo au ni hapana?

Wazee walijadili habari hiyo kwenye chungu cha ajono. Mmoja akauliza, mtu yuko Kanada na kidole kiko Malaba, hiyo itakuwaje? Wakabishana mpaka chungu kikaongezwa maji moto mara kadhaa, na mwishoni wakaafikiana: kidole kinaweza kukopeshwa, sauti haikopeshwi. Mkamwana atumie kidole chake mwenyewe na tone la uji wa wimbi. Sauti iwe ya bibi, kutoka hapa nyumbani, karibu na makaburi ya wenye majina.

Mwanangu alikuwa ametuwekea waya wa intaneti, ule mweusi mnene unaopita juu ya nguzo za mtaa wetu, wa kampuni moja ndogo inayoleta tivi na intaneti pamoja. Simu zisingefaa. Hapa Malaba simu zina tabia ya kuvuka mpaka bila kibali. Unaongea, inadandia mnara wa Uganda, inarudi, inadandia tena, na katikati maneno yako yameanguka mtoni.

Basi jirani wakaja, chungu kikawekwa, mwanangu akatokea kwenye tivi na mtoto mapajani mwa mamake, mkubwa kama ndama. Tukasikia kila kitu. Tulisikia mtoto akicheua, wazee wakasema "Aa!" kwa heshima. Mke wangu akasimama mbele ya ile kamera ndogo akaanza kuita.

Mwanangu akasema, "Mama? Mama, hatukusikii. Umeganda hapo, mdomo wazi."

"Mimi niko!" akasema mke wangu. "Mwambieni niko!"

"Tuko!" tukapiga kelele wote. "Anaita!"

"Mama? Baba? Mko?"

Ndipo nikaliona lile tuta la Rukala. Nilisimama sebuleni kwangu na viatu vikavu, lakini niliyaona yale maji.

Mke wangu hakuacha. Aliendelea kutaja, pengine kwa ukaidi, na ghafla mkamwana akapiga kelele, "Amenyonya! Jesu, amenyonya! Mama umesema nini?" Kwao kulikuwa kumefika kipande tu, mwisho wa neno, kama mkia wa panya unaoingia shimoni. Mke wangu naye alikuwa ameshapita majina mawili mbele. Limenyonywa jina lipi? Mmoja akasema la kwanza, mwingine la tatu. Mzee mmoja mlevi akasema mtoto amenyonya ule ukimya wenyewe, kwa hiyo aachwe bila jina. Mke wangu akaenda jikoni, na hakutoka huko mpaka watu walipoondoka.

Mkwe wa jirani alishauri mke wangu arekodi sauti, atume kama ujumbe. "Nitamwulizaje mtu bila kumngoja ajibu?" mke wangu akasema. Na hata hivyo tulijaribu kutuma rekodi ya kumsalimu mtoto, ikazungukazunguka kwenye simu kama nzi ndani ya chupa, haikwenda.

Hapa nikae kidogo kwenye chungu, kwa sababu hamtanielewa nisipokaa. Ajono hainywewi kwa kikombe. Chungu kinawekwa katikati, kila mtu na mrija wake mrefu, na mirija yote inaingia kwenye chungu kimoja. Mwenye heshima zake ana mrija wake mwenyewe anaoutunza kwenye ala, anatembea nao kama askari na bunduki. Kuna adabu. Ukitaka kwenda haja unamshikisha jirani mrija wako. Huutoi chunguni kabla chungu hakijaisha, maana kuutoa ni kusema umemaliza na watu. Lakini adabu kubwa kuliko zote ni moja: hupulizi. Unavuta tu. Anayepuliza anatibua machicha, anawarudishia wenzake mate yake, chungu kizima kinaharibika kwa pumzi ya mtu mmoja. Mtoto akipuliza anapigwa kofi. Mtu mzima hapigwi. Hakuna hata adhabu iliyowahi kutajwa, kwa sababu hatujawahi kumpata mtu mzima aliyefanya hivyo.

Na kwenye chungu chetu aliyekaa kuliani mwangu siku zote alikuwa dereva. Alizaliwa ng'ambo, upande wa Tororo, akaendesha malori ya mizigo mpaka mgongo ukakataa, akaoa hapa kwetu, mke akafa, yeye akabaki. Tulikuwa tumezeeka pamoja. Mtu msafi, shati la kupigwa pasi hata kwenye pombe. Akishangaa anasema "Banange!" na kila mtu kwake ni "ssebo," yaani bwana, hata mbuzi dume, na kila mwanamke ni "nyabo." Alinitania siku ile: "Ssebo, mjukuu wako ni mwerevu. Amesikia majina yenu akaona heri anyamaze."

Asubuhi ya Jumatatu nilienda ofisi ya ile kampuni kulalamika. Nilijipanga na maneno makali. Sikupata pa kuyatumia, maana yule bwana wa ofisini, mtu mwenye upara na jaketi zito mchana wa jua kali, alinisikiliza mpaka mwisho, habari ya kidole na ya meno, kisha akasema, "Mzee, hebu njoo uone."

Akanifungulia mlango wa nyuma. Ndugu zangu, ile baridi! Nikaelewa jaketi. Chumba hakina dirisha, na ndani kimesimama kitu kama kabati la chuma, linavuma, lina taa ndogondogo za kijani zisizotulia hata moja. Mgongoni mwake waya zimechomekwa kwenye vitundu vilivyopangwa safu, kila kimoja hakizidi tundu la kitufe cha shati.

"Hivi vya huku ni vya kushuka," akasema. "Picha, tivi, kila kitu kinachowajia kinatokea hapa. Na hivi ni vya kupanda. Sisi tunaviita poti za kupanda. Kila kinachotoka nyumbani kwenu kinapitia humu. Mtaa wako uko kwenye hii."

"Mtaa wote?"

"Wote. Na upande wa shule mpaka kwa wachomaji mkaa."

Nilivua kofia. Sikujua kwa nini, mkono ulienda wenyewe. Katika kitundu kile alikuwa yule mwenye duka la dawa anayeagiza mali, walikuwa wale vijana wa karatasi za malori ya forodha, alikuwemo padri, walikuwemo wachumba wanaodanganyana, na katikati yao alitakiwa apite mke wangu na majina ya wafu wetu. Nilisogeza sikio. Yule bwana akacheka, akasema, "Hutasikia kitu, mzee," lakini hakunizuia.

Akanieleza. Katika kushuka, mashine huongea peke yake, kila nyumba inasikiliza na kuchukua yake, kwa hiyo haina fujo. Katika kupanda, nyumba zote zina njia moja. Mashine inazipa zamu: sasa wewe, nyamaza, sasa wewe. Zamu zenyewe ni fupi kuliko kope kufumba. Mtu mmoja akipiga kelele nje ya zamu, mashine haimsikii hata mwenye zamu. Na kelele za nyumba zote hazipotelei njiani, zinakusanyika, kama vijito vinavyoingia mto Sio na mto huo unavyoingia ziwani, mpaka zinafika hapa kwenye tundu zikiwa zimeshikana mikono.

Akanionyesha kwenye kompyuta. Kulikuwa na mstari chini kama nyasi zilizolishwa na mbuzi. "Hapo ni pazuri, hiyo ni poti ya mtaa mwingine." Akabonyeza. "Hii ni yenu." Nyasi zilikuwa zimeota mpaka kifuani, zinachezacheza, na juu yake vilele vya sauti za watu vinachungulia kama vichwa vya watu ndani ya mahindi. "Vile vilele ndio nyinyi. Mashine inatafuta vilele. Nyasi zikizidi, haiwaoni."

"Fyeka," nikamwambia.

"Ningekuwa na panga la hiyo kazi!"

Alichoweza kufanya alikifanya mbele yangu. Aliihamisha sauti ya mtaa wetu juu kidogo, mahali nyasi zilipokuwa fupi. Akaipunguzia upana. Kisha akaagiza vile visanduku vyote vya intaneti vilivyo majumbani mwetu, kutoka hapo alipoketi, viongee polepole, maneno machache machache, kama unavyoongea na mtu sokoni palipo na kelele: nipe, hapana, ngapi, haya. Vikatii. Visanduku vya mtaa mzima vilitii kwa kidole cha mtu mmoja mwenye jaketi! Nyasi zilikuwa palepale lakini vilele vikainuka. Nikampigia mwanangu simu, nikamwamsha usiku wa kwao, akasema anaona mama anaonekana, ana ukungu, lakini anasogea.

Nikarudi nyumbani naringa. Ilipofika saa saba mchana, mke wangu akaganda tena.

Kesho yake kampuni ikamtuma fundi, dada mmoja mrefu mwenye buti na ngazi, mtu wa pande za Mumias. Alikuwa na kipimo kifuani, kimefungwa kwa mkanda kama mama aliyebeba mtoto mbele. Alisema amekaa na yule bwana wakitazama nyasi siku nzima. "Mzee, hii kelele ina ratiba. Inakuja saa saba, inaondoka, inarudi jioni. Waya uliooza hauna ratiba. Kelele ya ratiba ni ya mtu."

Nikafuatana naye. Ng'ombe wangu niliwaachia Mungu. Alitegea saa saba ifike, kisha akawa anapanda nguzo, anafungua kisanduku, anachomoa waya wa upande mmoja, anaongea na ofisi kwa simu aliyoibana chini ya kofia.

"Vipi sasa?"

"Bado," ilisema simu.

Anarudisha. Nguzo nyingine.

"Sasa?"

"Bado, imesimama tu."

Mama wa duka akatoka na simu yake juu. "Wewe dada! Umenikata katikati ya maneno na mtu wa mchele! Sasa atasema nimemfungia!"

"Pole mama, dakika tu."

"Dakika ya fundi ni wiki! Shuka nikuone!"

"Nikishuka itakuwa dakika mbili, mama."

Mama wa duka akacheka bila kupenda. Tukaendelea. Kwenye nguzo iliyo karibu na mti wa mwarobaini fundi akachomoa, na simu ikalia: "Imelala! Rudisha." Akarudisha. "Imeamka. Toa." Akatoa. "Imelala kama mtoto!" Jamani, mtu yuko chumba cha baridi, haoni mtaa, haoni nguzo, na anajua mkono wa dada huyu uko wapi. Nilitazama ule waya unavyoshuka kutoka nguzoni, unapita juu ya kichaka cha migomba, unaingia ukutani, nikajua nyumba kabla hatujafika. Ilikuwa ya dereva.

Tulimkuta anatazama habari za saa saba kutoka Kampala. Nje, juu ya mwanzi mrefu, ilisimama eriali yake ya zamani, imeelekea Uganda. Watu wengi wa hapa mpakani wana eriali kama hiyo, ya kuvuta stesheni za ng'ambo bure. Lakini dereva hakupenda kuchomoa na kuchomeka kila anapotoka kwenye tivi ya kampuni kwenda tivi ya kwao. Basi fundi mmoja wa mtaani alimuunganishia zote mbili pamoja, waya wa eriali na waya wa kampuni, wakakutana ukutani kwa kiungo cha matawi na gundi nyeusi. Na juu ya eriali alimwekea busta ya umeme, ya kuipa nguvu. Dereva akiwasha tivi, busta inaamka nayo, na mara nyingi aliiacha tivi inaongea hata akija kwetu chunguni. Ile busta ilikuwa imechoka. Badala ya kuvuta tu, ilikuwa inatema, na kwa kuwa waya zimeshikana, kila inachotema kilipanda nguzoni mpaka kwenye kile kitundu nilichokivulia kofia.

"Ssebo, hiyo eriali ilikuwa hapa kabla ya kampuni yenu kuzaliwa," dereva akamwambia fundi. Hakuwa na hasira, alikuwa anaeleza nani mkubwa kwa nani.

Fundi akainama kidogo, kama binti anayempa maji mkwe. "Mzee, sikuondolei. Ninaitenganisha tu. Itakuwa na waya wake peke yake mpaka kwenye tivi, na busta mpya tutaitafuta. Utaona Kampala vilevile."

"Na shida ni yangu mimi?"

"Shida ni ya kiungo, mzee."

Akakata gundi, akavuta waya mwingine kutoka begi lake, akaupitisha dirishani. Simu chini ya kofia ikasema nyasi zimelala zote, na yeye dada akatabasamu peke yake kama mtu aliyesikia wimbo. Dereva alisimama mlangoni na shati lake la pasi, anatazama nguzo, anatazama mtaa, anatazama mwarobaini. "Banange," akaniambia polepole. "Kutoka hapa kwangu, mpaka kwa wote?"

"Mpaka kwa wote," nikasema. Mimi nilisema kwa kustaajabu. Naamini hata yeye, saa ile, alistaajabu.

Jumamosi alasiri, ambayo kwao Kanada ni asubuhi, tukakaa tena. Chungu, mirija, wazee walewale, dereva kuliani mwangu. Fundi alipita kuhakikisha, akakataa mrija, akakubali njugu. Mwanangu akatokea. "Mama! Nakuona mpaka kovu la kidevu!"

Mke wangu akasimama. Hakupaza sauti. Siku ile ya kwanza alipiga kelele, sasa aliita kama anavyopaswa, kama mtu anayegonga mlango wa chumba chenye mgonjwa. Akataja jina la baba yangu. Mkamwana akashika kidole midomoni mwa mtoto. Tukangoja. Mtoto alitazama upande. Akataja babu yangu. Mtoto akapiga chafya. Akataja mjomba aliyekuwa katekista, na wote tulitamani akubali hilo, ni jina safi, lakini mtoto alifunga mdomo kama sanduku la sadaka. Nilikuwa nasikia pumzi yake. Pumzi ya mtoto kutoka Kanada, na sauti ya mke wangu inapanda nguzoni, inapita kwenye kile kitundu kwa zamu yake, na hakuna aliyeizuia njiani.

Akataja la baba yangu mdogo.

Mtoto akageuza uso. Akalitazama lile jicho la kamera, au alimtazama bibi yake, sijui. Kisha akanyonya. Alinyonya mpaka mashavu yakaingia ndani, mpaka mkamwana akasema, "Ananiuma na fizi, jamani!" na akamwachia tu aendelee.

Mwizi wa kuku! Kisha mzee mmoja akasema, "Fungeni mabanda," na nyumba ikalipuka. Mwanangu analia na kucheka, mimi namwona yule bibi wa Rukala mabegani mwa mtu, juu ya vichwa. Jina lenyewe sitalitaja. Ni lake, atawaambia mwenyewe akipenda.

Mke wangu alikuwa na furaha ya kupita mwili. Hanywi kila siku, lakini siku hiyo alishika mrija wangu akavuta vizuri. Akamuuliza fundi ilikuwa nini hasa iliyomziba mdomo siku ile. Fundi akaeleza vizuri, hakutaja mtu: kwamba nyumba zote zinashiriki njia moja ya kupanda, na kwamba kiungo cha nyumba moja kilikuwa kinatupa uchafu kwenye njia hiyo. Mke wangu akasikiliza, akaangalia chungu, akaangalia mirija yote inayoingia mle ndani, uso ukamng'aa.

"Kumbe ni chungu hiki hiki!" akasema. "Sote na mirija yetu! Na kuna mtu alikuwa anapuliza!" Akamgeukia dereva, maana mtaa wote ulishaona ngazi ikisimama kwake. "Shemeji! Kumbe ni wewe unayetupulizia!"

Tulicheka. Mimi pia nilicheka, ilikuwa inachekesha, na ilikuwa kweli, na nani anacheka kwa kupima? Hata mwanangu alicheka kule kwenye tivi. Dereva naye alicheka, nilimwona meno. "Banange, nyabo," akasema. Kisha akaunyanyua mrija wake kutoka chunguni.

Chungu kilikuwa hata nusu hakijafika. Akaukung'uta matone, akaupangusa kwa kitambaa kutoka juu mpaka chini, taratibu, akaurudisha kwenye ala akafunga kamba. Watu walikuwa wanamtazama mtoto. Nilidhani amekumbuka tivi yake. Nilimshika mkono wa shati, akanipigapiga begani mara moja, akainuka, akamuaga fundi, akatoka.

Nilimfuata mpaka kwenye geti. Nyuma yangu mke wangu alikuwa anaita lile jina tena na tena, na kule mbali mtoto anaitika kwa sauti zisizo na maneno. Dereva hakuingia kwake. Alipita mwarobaini bila kugeuza kichwa, akashika barabara ya mpakani kando ya malori yaliyopanga foleni, mrija umelala begani kama bunduki ya mtu aliyemaliza zamu, akapita geti la forodha, akavuka daraja kuelekea Tororo, na hakurudi.